Kibuyu Kisichooshwa

Ko. Ko. Upepo wa alfajiri ulikuwa unakigonga kibuyu ukutani, pale kilipotundikwa kwenye msumari. Nilikuwa macho tangu jogoo wa kwanza. Nikainuka nikakishika kisigonge, nikarudi kitandani, nikainuka tena. Siku hiyo Swaumu, mpimaji, alikuwa analeta majibu ya mvinyo wetu kutoka maabara ya Morogoro, na saa sita mchana kamati ingekaa kumwondoa Msafiri kazini.

Msafiri ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Alikuwa mtunza ghala la mvinyo wa kikundi chetu, ghala tulilolianzisha baada ya wanunuzi wakubwa kuacha kuchukua zabibu zetu. Tulikuwa na mapipa sita. Mwaka ule wa elfu mbili na mbili, mawili ya mlangoni yakaanza kunuka kama ngozi ya mbuzi iliyolowa. Watu wakasema Msafiri haoshi mapipa. Mimi nilijua anaosha. Nilimwona akiungua mikono kwa maji ya moto. Lakini nani amsikilize mama mkwe?

Swaumu alikuwa amekuja mara ya kwanza wiki mbili kabla ya hapo. Binti wa Kirangi, kajifunga ushungi, kabeba kisanduku cha barafu. Ruthu, mwenyekiti wetu, alimtazama juu hadi chini.

"Mwanangu, wewe mvinyo hunywi. Utajuaje ulioharibika?"

"Shikamoo, mama. Daktari wa ng'ombe naye hali majani."

Ruthu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Yule binti akachukua mvinyo kidogo kidogo kutoka kila pipa. Akapitisha pamba kwenye mipira ya kupitishia mvinyo na kwenye koki. Halafu akakiona kibuyu changu nilichokuja nacho.

"Na hiki, bibi?"

"Hicho najazia mapipa ya mlangoni, mvinyo ukipungua. Yale ya ndani anajaza Msafiri kwa jagi. Ni cha marehemu mama yangu, cha pombe ya mtama."

"Unakioshea nini?"

"Kibuyu cha pombe hakioshwi, mjukuu wangu. Ukikiosha umeua chachu, na pombe ya kesho haiumuki."

Msafiri alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chini, akatoka. Swaumu akafuta ndani ya kibuyu kwa pamba, taratibu, kama anayefuta mdomo wa mtoto.

Sasa siku ya majibu imefika, na mimi sikai, sisimami. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilimpelekea Mzee Hamidi wa dukani kuku amchinje yeye, ili mgeni ale bila wasiwasi. Saa nne nikamwona Swaumu anakuja kutoka barabarani, lakini hakupinda kwenda ghalani. Alikuja moja kwa moja kwangu.

Akatoa picha nyeusi yenye vistari vyeupe.

"Bibi, hamira, yaani hizo chachu, zikitazamwa kwa darubini zinafanana. Lakini kila moja ina vinasaba vyake, kama ng'ombe wa kila boma walivyo na chapa yao. Mashine yetu inaitafuta chapa ya hamira mbaya, ile inayotia mvinyo harufu ya ngozi, peke yake. Hata ikiwa kidogo mno, inairudufu mara nyingi mpaka ionekane."

Akaniwekea kidole. Mapipa manne ya ndani, hakuna kistari. Mawili ya mlangoni, kistari. Na pembeni kabisa kilikuwapo kingine, usawa uleule.

"Hiki cha mwisho ni cha nini?"

Akainua macho ukutani.

"Ni kibuyu, bibi. Nimekuja kwako kwanza. Sikutaka usikie mbele za watu."

Chai ikafurika jikoni, hakuna aliyeiendea. Nikatuma Msafiri aitwe. Alisimama nje ya kizingiti, kama mkwe anavyosimama, uso upande.

"Ulijua?"

"Nilihisi, mama."

"Na kazi inakutoka, umenyamaza?"

"Mama, ningeanzaje kukwambia chombo chako kichafu? Wewe ndiye uliyenipa mke."

Niligeukia ukuta, nikajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha nikakishusha kibuyu.

Kwenye kamati sikungoja salamu ziishe. Nilikiweka mezani.

"Aliyeharibu mvinyo ni mimi. Msafiri alijua, akanistahi."

Swaumu akasoma karatasi yake: mapipa manne ni safi, mvinyo wake utiwe chupani. Ule wa mapipa mawili uwe siki, na mapipa yenyewe yasitiwe mvinyo tena, maana hamira ile imejificha ndani ya mbao.

Ruthu akakitazama kibuyu.

"Cecilia! Na pombe yako tuliyokunywa miaka yote hii?"

"Uliwahi kuilalamikia?"

"Hata siku moja. Basi kirudi kwenye mtama. Mvinyo tuupe jagi la kuoshwa."

Akafungua fundo la kanga yake, akatoa funguo za ghala alizokuwa amezichukua, akampa Msafiri. Msafiri alizipokea kwa mikono miwili.

Swaumu alikula akiwa na haraka, basi lilikuwa karibu kupita. Nilimfungia paja la kuku, nikamsindikiza hadi barabarani, na njia nzima nikitafuta neno la kumwambia.

"Uje tena, mjukuu wangu," nilisema basi lilipotokeza. "Uje hata kama hakuna kilichoharibika."