Cheti cha Shemeji

Kwenye uwanja wa shabaha nilikopika chai kwa miaka kumi na moja kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: bunduki na cheti chake cha usajili haviachani. Bunduki ikiwa mkononi, cheti kiwe mfukoni. Si kabatini nyumbani, si kwenye gari, si "nitakileta kesho". Karani wa mlangoni alikuwa akisema bunduki isiyo na cheti ni kama mtoto asiye na mama. Mimi nikimjibu kwamba watoto wasio na mama wamejaa tele na hawajaua mtu. Ananikazia macho, namwongezea sukari, yanaisha.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukiingia, unamwonyesha karani cheti, analinganisha namba na ile iliyochongwa kwenye chuma, anakwambia pita. Haandiki kitu. Daftari na muhuri vinatoka wakati wa kuondoka. Nani alipanga hivyo sijui. Labda mtu aliyeamini kwamba kila anayeingia mahali atatoka alivyoingia.

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu na alikuja pale mara moja kwa mwezi kunoa mkono. Mara moja kwa mwaka alikuja kwa mtihani: karatasi kumi za shabaha, upate nane, ndipo mwajiri akuache na kazi yako. Uwanjani walimwita Jicho, kwa sababu alizoea kufumba jicho moja hata asipolenga. Akinywa chai, amefumba. Akisikiliza habari za kifo, amefumba. Dada alikuwa akisema hajui mume wake ana macho ya rangi gani, anajua la kulia tu.

Mimi na shemeji tulikuwa watani tangu siku aliyokuja kuposa. Alikuwa akiniita mke mdogo, namwita mzigo wa dada. Mwaka mmoja nilimshonea mikono ya koti ikazibika, akahangaika kulivaa mbele ya bosi wake kama mtu anayepigana na popo. Yeye silaha yake ilikuwa viatu vyangu. Kila akija kwangu lazima afiche kimoja. Hata siku ya tatu ya msiba wa dada, nyumba imejaa watu, macho yamevimba, nilitafuta ndala ya kushoto nusu saa nzima. Nikaikuta juu ya tangi la maji, imesimamishwa kama mlinzi. Nilicheka na huku nalia. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nitaishi.

Basi, siku ya mtihani wake wa mwaka jana alifika asubuhi, amenyoa, amepiga pasi shati. Akavua koti, maana koti zito linaharibu bega wakati wa kulenga, akalitundika kwenye msumari ulio karibu na meza yangu ya chai.

"Mke mdogo, nilindie koti. Lina roho yangu ndani."

"Roho yako nani anaitaka? Hata dada aliichukua kwa huruma."

Akaenda kwenye mstari. Nikaona kona ya kile cheti imechungulia kwenye mfuko wa ndani, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Mkono wangu haukuniomba ruhusa. Nilikichomoa, nikakisunda kifuani. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: amalize, aje kuchukua koti, apapase, atoke jasho kidogo, kisha nimletee chai na cheti kikiwa chini ya kisahani. Deni la ndala ya kushoto.

Alikuwa ameshapata nane na mbili zimebaki, gari la wakaguzi likaingia. Hawakuwa wametangaza. Mkaguzi alikuwa mama mwembamba, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alisema geti lifungwe, risasi zitolewe, kila bunduki ilazwe mezani, na kila mwenye bunduki asimame nyuma yake na cheti mkononi. Watu wote wakatii. Wale wakorofi wa kawaida wakawa wanafunzi.

Shemeji akaja kwenye koti lake, akitabasamu bado, kwa sababu mtihani ulikuwa umeenda vizuri. Akatia mkono mfuko wa ndani. Akatia wa nje. Akarudi wa ndani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, birika mkononi.

"Shemeji, umekiona cheti changu?"

Hakuniita mke mdogo. Hapo ningepaswa kutambua kwamba mchezo umekwisha. Lakini mkaguzi alikuwa nyuma yake, ananitazama, na ametoka kusema sasa hivi kwamba kushika cheti cha silaha cha mtu mwingine ni kosa la kujibu mbele ya hakimu. Mdomo wangu ukafanya kazi uliyozoea.

"Mimi naona majani ya chai tu, baba. Vyeti waulize wasomi."

Mtu mmoja akacheka. Shemeji hakucheka.

Mkaguzi akamwuliza karani kama alikiona cheti asubuhi. Karani akatazama daftari lake tupu. Alikuwa amemfahamu Jicho miaka tisa, na siku ile alimpungia tu mkono apite. Akasema hakumbuki. Basi wawili tuliokijua au kupaswa kukijua kile cheti tukawa mabubu, kila mmoja na sababu yake, na bunduki ya shemeji ikafungwa kitambulisho kwa kamba ikaingia garini. Akapewa barua: afike ofisi ya usajili baada ya siku kumi na nne ajieleze. Mpaka hapo asionekane kwenye lindo.

Aliondoka na koti mkononi, hakulivaa. Chai yake ilibaki mezani. Nikaimwaga mwenyewe.

Nilijiambia nitamrudishia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Ukishalala na uongo usiku mmoja, asubuhi unaamka umeshakuwa mkeo, unakuuliza utakula nini. Nilikihamisha kile cheti kutoka kifuani kwenda kwenye kopo la majani, kutoka kwenye kopo kwenda chini ya godoro, kutoka godoroni kurudi kifuani. Kila mahali kilikuwa kinanikwaruza.

Siku ya tano nikaenda kwake na ujanja. Nilitaka nikipenyeze kwenye bitana ya koti, halafu nimwambie, hebu tafuta tena, labda mfuko umetoboka. Nikafika, nikakuta koti limelazwa juu ya meza ya kulia chakula, limefumuliwa mshono kwa mshono. Bitana upande huu, mikono upande ule, kola peke yake. Alikuwa amelipasua kwa wembe, tena kwa utaratibu, kama anavyofanya kila kitu. Kabati limevutwa kutoka ukutani. Picha ya dada imeshushwa ili aangalie nyuma yake.

"Kaa, shemeji," akasema. "Samahani kwa vurugu."

Nikakaa. Sikujua pa kuweka mikono.

"Nataka kukuuliza, na usinitanie. Umeniona nikisahau vitu siku hizi?"

"Kama vipi?"

"Nina uhakika nilikitia mfukoni. Naona kabisa mkono wangu ukikitia. Lakini asubuhi ileile nilimsikia dada yako akiniita jikoni, nikaitika. Sasa kama la pili si kweli, la kwanza nitalijuaje?"

"Kila mtu humsikia mtu wake."

"Si kila mtu ana bunduki." Akalikaza lile jicho lake lililofumbwa. "Nimeshaongea na binti yangu. Siku ya kujieleza sitajitetea. Nitasaini kuirudisha silaha, na kazi niache. Mtu anayesahau cheti leo, kesho atasahau risasi ndani ya mtutu. Afadhali nikome mwenyewe kabla sijaua mtoto wa mtu."

Sasa nisikilize vizuri. Kazi yake kuipoteza kwa ajili yangu ilikuwa dhambi ya kutosha. Lakini huyu bwana alikuwa anaacha kuiamini akili yake mwenyewe, ile akili nzuri iliyonyooka kama rula, na mwizi wake amekaa mbele yake anamwambia pole. Cheti kilikuwa kifuani mwangu, kinapanda na kushuka na pumzi. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Nikaomba maji ya kunywa. Nikanywa, nikaaga. Mlangoni nilivikuta viatu vyangu vyote viwili mahali nilipoviacha.

Siku zilizobaki sizisimulii. Nilipika chai mbaya.

Siku ya kumi na nne nikaenda ofisi ya usajili, nimevaa gauni la kanisani. Kilikuwa chumba kidogo, feni moja, makabati ya chuma, viti vinne. Mkaguzi yuko, karani wetu yuko, shemeji yuko na binti yake. Mkaguzi alikuwa ameshamsogezea karatasi ya kurudisha silaha, na shemeji ameshaomba kalamu. Aliponiona akadhani nimekuja kumsindikiza. Akanisogezea kiti. Hilo la kiti ndilo lililonimaliza.

"Asisaini," nikasema. "Cheti ninacho mimi."

Nikaingiza mkono, nikakitoa, nikakiweka mezani. Kimepinda kufuata umbo langu na kinanukia poda.

Mkaguzi akakiangalia bila kukigusa. "Kilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Mahali ambapo hata serikali inabisha hodi kwanza."

Nilidhani mtu atacheka. Miaka yote mtu alikuwa anacheka. Feni ilizunguka. Binti wa shemeji alinitazama kama vile anatafuta mama yake mdogo amekwenda wapi.

Basi nikaeleza. Koti, msumari, kona ya nailoni, kisahani. Nilieleza na ndala ya kushoto, na nilivyoieleza ikasikika jambo la kijinga kabisa. Nikasema alipoingia geti cheti alikuwa nacho, mimi ni shahidi, nilikitoa mfukoni mwake mwenyewe. Karani naye akajikohoza, akasema kweli hakuangalia siku ile, na aandikwe hivyo. Nilimshukuru moyoni. Woga wa mtu mmoja ukivunjika, wa pili unapata pa kupitia.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Akamwambia shemeji bunduki yake atarudishiwa na mtihani utahesabiwa, nane alikuwa ameshazipata. Akaniambia mimi kwamba jambo langu angeweza kulipeleka mbele, ila kwa umri wangu na kwa kuja mwenyewe ataandika onyo, na uwanjani nisikanyage tena, hata kwa chai. Nikasema asante.

 Nilipothubutu kumtazama shemeji, alikuwa ananitazama kwa macho yote mawili. La kushoto lina kijani kidogo pembeni, kama maji ya kisima. Dada alikufa bila kulijua.

"Kwa hiyo sijazeeka," akasema.

"Hujazeeka, mzigo wa dada."

Akachukua cheti, akakinyoosha juu ya goti, akakitia mfukoni, akagusa mara mbili kuhakikisha. Kisha akatoka.

Sikosi kumwona. Si mtu wa kuweka kinyongo. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi huja kwangu baada ya lindo, analeta mkate, anaketi, ananiuliza habari za miguu. Ananiita shemeji, vizuri, kwa heshima zote. Koti lake amelishona upya, na halivui akiwa ndani ya nyumba yangu.

Nami kila akija viatu vyangu naviacha nje, hapo hapo kizingitini, kimoja mbele kidogo ya mwenzake ili kishikike kirahisi. Tunakunywa chai. Anaaga. Nasubiri hatua zake zifike barabarani, ndipo nafungua mlango nichungulie. Viko palepale, vyote viwili.