Ndugu Saba wa Malkia wa Bombei

Jaysukh alitua Bagamoyo mwaka mmoja hivi kabla Wadachi hawajaja kupandisha bendera yao. Alikuwa na sanduku la bati, ndani yake mna taji la malkia, nywele za bandia zinazofika kiunoni, na aibu aliyoibeba toka Unguja. Huko alicheza mchezo wake wa malkia anayeumwa na nyoka, akafa vizuri kabisa, na watu wakacheka mpaka mmoja wao akateguka taya. Umalkia ndiyo kazi aliyoijua. Kwao Bombei wanawake hawakupanda jukwaani. Wanaume wenye sauti nyembamba ndio waliovaa sari.

"Sikiliza, bhai," Hassanali mwenye duka, Mhindi mwenzake, alimwambia. "Uani kwangu utacheza, kwa heshima ya mama yako. Lakini wakikucheka na hapa, Jumapili unapanda chombo, unarudi kwenu kupima dengu. Sitaki duka langu liwe la vichekesho."

Jaysukh hakutaka sifa wala tuzo. Alitaka mtu mmoja tu amlilie.

Hassanali akatangaza sokoni: "Leo alasiri, malkia wa Bombei anaimba kwangu!" Na Kiswahili chetu, Mungu akibariki, hakiulizi anayeimba ni mume au mke. Anaimba, basi anaimba. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyedanganywa.

Uani kulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Jaysukh aliimba juu ya makasha yaliyopangwa, akaumwa na nyoka wa kamba, akayumba, akaanguka, mkono mmoja ukaning'inia. Akafumba macho, akangoja kicheko.

Hakikuja.

"Yallah!" mwanamke akapiga ukelele. "Kafa!"

Ua ukalipuka kwa vilio. Maana katika ngoma za Bagamoyo watu huzimia, hupandwa na mashetani, wengine hupotea siku tatu wakarudi na mke. Lakini hakuna aliyewahi kufa kwenye ngoma kwa kukusudia. Jaysukh moyo ulimpanda kwa furaha. Lieni, ndugu zangu, alisema kimoyomoyo, lieni msichoke!

"Msabaha, teka maji!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Fatu, mwosha maiti za wanawake mjini. "Na mniletee sanda. Maskini, kafa ugenini, sisi ndio mama zake."

Furaha ikamtoka. Kuoshwa ni kuvuliwa, na akivuliwa hapa, kicheko cha watu kitasikika mpaka Unguja. Hassanali akajitosa.

"Msimwoshe, jamani! Huyu Banyani! Banyani huchomwa moto!"

"Si ungesema mapema!" Msabaha, mteka maji wa Hassanali, akatupa ndoo. Punde Jaysukh akasikia kuni zikitua karibu na sikio lake: moja, mbili, kisha mzigo mzima. Mtu akauliza nani ana kibiriti. Jaysukh akawaza: nikiinuka, watacheka, nisipoinuka, nitaiva.

Akabaki amelala.

"Ngojeni kwanza nimfunge kidevu," akasema Bi Fatu. "Hata Banyani haendi na mdomo wazi." Akainama na kitambaa, vidole vikapita shavuni, vikakuta ndevu za tangu asubuhi. Vikasimama. Akanong'ona, "We mwana, umekufa au unacheza?"

"Nacheza, bibi. Nakuomba, wasicheke."

"Mwana kidhabu, mwongo we! Nimelia mpaka ukaya umenivuka kichwani, mbele ya wanawake wenzangu! Ukifufuka hapa tutachekwa wawili. Kaza shingo."

Akainuka, akajifuta pua. "Maiti huyu si wangu wala si wenu. Hassanali ndiye mtu wake, atajua mila zao. Mwingizeni ndani, mfunge mlango!"

Wakambeba kwa heshima, wanaume wanne wakilia, Msabaha akilia kuliko wote.

Wiki ya pili malkia akaonekana tena juu ya makasha. Watu wakamrukia Hassanali: vipi tena?

"Ndugu yake," akajibu Hassanali, bila kufafanua.

Naye akaumwa na nyoka, akafa. Wiki ya tatu, ndugu mwingine. Walipotimia saba, watu walikuja kutoka Fukayosi na vyakula vya matanga, na Bi Fatu, aliyekaa mbele kila mara, alilia kwa ufundi usio na mfano.

Siku ile alipokufa ndugu wa saba, Bwanausi wa Mlingotini, mjane mwenye minazi mingi, alimvuta Hassanali pembeni, kanzu imepigwa pasi.

"Hassanali, ukoo huu unaisha. Kama kuna ndugu aliyebaki, nioze mimi. Kwangu Mlingotini nyoka hakuna."

"Bwanausi," akasema Hassanali, akiuma midomo, "aliyebaki ni mwanamume."

"Ala! Basi mwambie aondoke haraka, kabla hajaanza kuimba!"

Kicheko kimoja tu kilisikika uani kwa Hassanali kwa wiki zote nane. Kilitoka nyuma ya pazia la mlangoni, na aliyecheka ni marehemu.