Jinsi Maduhu Alivyoivuka Afrika

Kule Mhunze kila mtu anajua kwamba dawa ya ngoma haichimbwi nyuma ya nyumba. Mzizi wa nyumbani ni wa kutibu tumbo. Dawa ya kuvuta watu, ile inayomfanya mtazamaji akatishe mazungumzo yake, amwache hata mkewe, aje asimame kwenye duara lako mpaka jua linazama, hiyo lazima itoke mbali, na kadiri inavyotoka mbali ndivyo inavyozidi ukali. Ndiyo maana manju, yule kiongozi na mtunzi wa nyimbo za ngoma, husafiri. Na akirudi, hakuna anayemwuliza kama kweli alifika, kwa sababu mwenye maswali ya namna hiyo ama ni mchawi ama ni mshabiki wa upande wa pili.

Maduhu alikuwa manju wa chama cha ngoma cha Bagalu, na hali yake ilikuwa mbaya. Kila baada ya mavuno Bagalu na Bagika walikutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule. Hapakuwa na mwamuzi wala kombe. Mwenye watu wengi jioni ndiye mshindi. Misimu kadhaa mfululizo watu walikuwa wakimkimbia Maduhu na kumfuata Jilala, manju wa Bagika, aliyejigamba kwamba dawa yake aliichimba Kongo. Wachezaji wa Maduhu wakaanza kuhama. Waliobaki walimwambia bila kuzungukazunguka kwamba akishindwa msimu ujao, nao wanakwenda kwa Jilala. Mtu aliyezoea kubebwa mabegani alikuwa sasa anasalimiwa kama mkulima yeyote wa pamba, na jambo hilo lilimuuma mno.

Basi siku ya mnada akapanda juu ya pipa.

"Jilala kaishia Kongo!" alitangaza. "Mimi Kongo nitapita tu, kama unavyopita kwa jirani kusalimia. Nitaukata msitu wa watu wafupi, nitaupanda mlima unaotema moto, nitashuka na mto Naili mpaka Misri, na jangwani nitapanda ngamia. Nikirudi na dawa yangu, itawavuta hata ng'ombe wenu!"

Watu walipiga vigelegele. Mkewe, Melania, hakupiga. Alikwenda nyumbani akamfungia matoborwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Ya kwake aliyarashia maji ya ukwaju kabla ya kuyaanika, jambo ambalo mwanamke mwingine hakulifanya pale Mhunze. Asubuhi Maduhu akasindikizwa kwa ngoma mpaka kwenye lori, akaondoka kuivuka Afrika.

Aliivuka mpaka Geita.

Tusimwonee. Lori liliharibika, si yeye. Lakini lilipotengenezwa, Maduhu alikuwa ameshasikia habari za simba wa pori la Biharamulo, na alikuwa ameshaonja chai ya Ghati, mama wa Kikurya aliyekuwa na kibanda kando ya barabara, karibu na mashimo ya wachimba dhahabu. Ghati alihitaji mtu wa kupasua kuni na kuosha vikombe. Maduhu alijiambia atapumzika kidogo, apate nguvu za safari. Lori likaondoka bila yeye.

Na kumbe pale Geita Afrika nzima ilikuwa inakuja yenyewe kunywa chai. Palikuwa na Mkongo aliyekimbia vita, Mnyasa aliyewahi kuchimba Johanesbagi, na dereva wa Kisomali aliyefika Khartumu mara nyingi mpaka akapachoka. Maduhu aliwaongezea sukari, akawauliza. Mto una rangi gani? Ngamia analala vipi? Moto wa mlima unanuka? Kila jibu alilitungia wimbo huku akisugua vikombe, na baada ya miezi michache alikuwa ameshafika Misri.

Siku moja akaja mteja kajaa udongo mwekundu tangu kichwani mpaka miguuni. Akajipangusa uso, na Maduhu nusura aangushe birika. Alikuwa Jilala.

"Shikamoo, mzee wa Kongo," alisema Maduhu, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba, mzee wa Misri," alijibu Jilala. "Chai, tafadhali. Usiweke tangawizi."

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Ghati akawafokea. Hakuna aliyeweza kumfichua mwenzake bila kujifichua mwenyewe. Basi wakakaa juu ya magogo wakaligawa bara: Jilala abaki na Kongo na nchi zote za kusini, Maduhu achukue Naili, Misri na jangwa. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Wakubwa wa Ulaya nao waliwahi kuligawa hivyo hivyo, wamekaa vitini, na wengi wao pia hawakuwa wamefika.

Hofu ya Maduhu ilibaki moja tu: kuonwa na mtu wa kwao asiye Jilala. Asubuhi moja lori la abiria lilisimama kibandani, akasikia sauti ya mwanamke ikiamkia "mwangaluka" kwa lafudhi ileile ya Mhunze. Hakungoja kuangalia ni nani. Alijitupa nyuma ya kuni, akajivutia gunia mpaka utosini, akaanza kutetemeka kama mwenye homa. Alilala hivyo mpaka lori likaondoka. Ghati akamletea kifurushi.

"Kuna mama kakuachia. Kasema mgonjwa asikae na njaa."

Yalikuwa matoborwa. Maduhu aliyatafuna yote palepale chini, yakiwa na uchachu kidogo, na kwa kukumbuka nyumbani machozi yakamtoka. Aliona aibu, akaenda kupasua kuni.

Mavuno yalipokwisha alirudi Mhunze amevaa kilemba na shanga za Misri alizozinunua Shinyanga, dukani kwa Liaquat. Nyumbani hakumkuta Melania. Mama yake Maduhu alimweleza kwamba zilifika habari za mtu wa Usukuma aliyefia msituni Kongo, akazikwa bila jina. Melania akamwacha mtoto wao Mageni kwa bibi yake, akaondoka kwenda kulitafuta kaburi. Tangu hapo kimya.

Maduhu akaketi chini. Kwa mara ya kwanza bara lile alilolizunguka kwa nyimbo lilimtisha. Alitaka kumfuata, kweli alitaka. Lakini amfuate wapi? Yeye njia alikuwa haijui. Na siku ya ngoma ilikuwa imeshafika, na Bagalu wakamvuta uwanjani huku moyo wake uko kwingine.

Aliimba Naili. Aliimba ngamia. Watu walisogea, lakini kule kwa Jilala nako Kongo ilikuwa imenoga, na umati ukawa unayumba katikati, nusu huku nusu kule. Jua likaanza kushuka. Wachezaji wake wakaanza kutazama upande wa Bagika kwa namna aliyoielewa.

Hapo ndipo duara lilipofunguka akaingia Melania. Alikuwa amekonda, miguu imepasuka, khanga imefifia mpaka haisomeki. Alipomwona mumewe alilia kwa sauti. Ngoma zikanyamaza.

"Yu hai," alisema. "Nimemtafuta mpaka nimechoka. Kaburi nililiona. Wakasema marehemu alikuwa mfupi, nikajua wangu yuko mbele. Nikapita penye mlima wa moto. Nikaupita msitu juu ya gunia za kahawa, mvua kichwani. Nikafika Juba, nikauona huo mto. Kila nilipofika niliuliza: mmemwona Maduhu, manju wa Bagalu, mrefu hivi, mwenye kovu kidevuni? Kila mahali walisema hapana. Hakuna aliyemwona. Hata mmoja!"

Maduhu alifumba macho akingoja kuzomewa. Kisha mtu mmoja akapiga yowe.

"Hakuonekana! Kazipita nchi zote hizo na hakuna jicho lililomwona! Jamani, hiyo ni dawa gani?"

Umati ukalipuka. Watu walimwacha Jilala wakakimbia kuja kumgusa mtu asiyeonekana, Bagika wenyewe wakiwamo na fimbo zao za ngoma mkononi. Jilala alifungua mdomo, akakumbuka alikotoka na udongo wake mwekundu, akaufunga. Jioni ile hapakuwa na haja ya kulinganisha.

Asubuhi yake Melania aliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Maduhu alikuwa ameketi mbele yake.

"Baba Mageni," alisema Melania, "watu wamesema mengi. Mimi nakuuliza moja tu. Ulikuwa wapi?"

Mtu aliyekuwa na wimbo kwa kila nchi alijibu kwa neno moja.

"Geita," alisema.

Melania aliendelea kusugua kisigino. "Geita nilipita. Lori lilisimama tunywe chai. Nikamwuliza mama wa chai kama amemwona manju wa Bagalu. Akasema hapo kwake mwanamume ni mmoja tu, na kashikwa na homa ghafla, kajifunika gunia. Nikamwonea huruma. Nikasema labda na wangu kalala hivyo kwa watu, hana hata wa kumpa chakula. Nikamwachia akiba yangu yote ya njiani."

"Yalikuwa na ukwaju," alisema Maduhu. Neno lilikuwa limeshatoka.

Melania aliacha kusugua, akainua uso akamtazama. Nje Bagalu walikuwa wameshafika na ngoma zao, wakimwimba mtu ambaye macho hayamwoni.

"Nenda," alisema Melania. "Wanakusubiri."

Walimbeba mabegani mpaka mnadani. Njia nzima alilia, na watu wakaambiana kwamba dawa ya mbali ndivyo ilivyo, humzidi nguvu hata mwenyewe.