Makopo Kumi na Manane

Tofali la tatu halikusubiri kuwekewa uzito. Binti alipolinyanyua tu, lilimmegekea mikononi, nusu ikabaki viganjani na nusu ikamwagika miguuni.

Majirani waliokuwa wakifua uani wakaangua kicheko.

"Baba yako ndiye fundi huyo?" mmoja akasema. "Tofali limelala siku ishirini na nane na bado halijui kusimama!"

Fundi mwashi, baba yake, akacheka nao. Binti hakucheka. Alikuwa darasa la saba, na mtaa mzima ulimwita Kwanini, maana ndilo neno aliloamka nalo na kulala nalo. Akafungua daftari, akaandika. Tofali la kwanza, kopo moja la saruji kwa makopo manne ya mchanga: limebeba madumu sita ya maji na bado zima. La pili, moja kwa manane: limepasuka kwenye dumu la nne. La tatu, moja kwa kumi na manane: halikubeba kitu.

Mradi huu haukupatikana kirahisi. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametangaza kwamba maonyesho ya mwaka jana yalimletea volkano kumi na moja za udongo, za kutoa povu kwa siki, na mwaka huu atakayemletea volkano atamwagiwa ile siki kichwani. "Nataka kitu chako mwenyewe," alisema. Wiki nzima Kwanini aliandika na kufuta. Taa ya malimau? Wenzake wawili wameshaiwahi. Kuchuja maji kwa mkaa? Wanne. Mwishowe baba yake, akiwa anaosha mwiko wake wa kazi, akamtania: "Mimi sayansi yenu siijui, mama. Najua saruji tu."

"Baba, hiyo ndiyo sayansi yenyewe."

Miaka ishirini na miwili ameshika mwiko, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kichwa kikamvimba. Akamweleza mchanga wenye udongo unavyodanganya, tofali linavyotakiwa kunyweshwa maji ili likomae, na vipimo vyote anavyovijua. Na binti alipouliza, "Mchanganyiko mbaya kuliko yote uliowahi kuchanganya ni upi?" alijibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Moja kwa kumi na manane."

"Wapi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kufunga mdomo. "Kwenu shuleni," akasema. "Lile jengo jipya."

Sasa, mbele ya tofali lililosambaratika, Kwanini alifunga daftari. "Ndiyo maana ufa unatembea."

"Ufa gani?"

Shuleni, kwenye lile jengo jipya, dawati lake liligusa ukuta. Tangu muhula uanze, kila ufa uliposogea alikuwa akitia alama ya penseli kwenye ncha yake na kuandika tarehe. Alama zilishafika sita. Ufa ulianzia juu ya dirisha. Sasa ulikuwa usawa wa bega lake.

Fundi akashusha sauti. "Andika tofali tu. Usitaje jengo."

"Mwalimu anataka kitu changu mwenyewe. Huo ukuta ndio wangu, baba. Nimeuegemea mwaka mzima."

Angeweza kumkataza. Hakumkataza, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni kama mwiba, na alitamani angalau mtu mmoja mkubwa alisome.

Mtu mkubwa alilisoma. Siku tatu baadaye fundi aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mkandarasi aliyejenga lile jengo alikuwa ameketi humo, soda mkononi, karatasi ya mradi wa Kwanini mapajani. Mwalimu wa sayansi alisimama kando ya kabati, akitazama viatu vyake.

"Karibu, fundi," mkandarasi alisema, kana kwamba ofisi ni yake. Na ni kama ilikuwa yake: yeye ndiye mgeni rasmi wa maonyesho, na vikombe vya washindi vilivyopangwa mezani alivinunua yeye. "Una mtoto mwenye akili. Hongera. Sasa nisaidie kitu kimoja. Saruji ya lile jengo aliichanganya nani?"

"Mimi, bosi. Kama ulivyoniagiza."

"Niliandika wapi?"

Maagizo fundi alipewa kupitia dirisha la gari, injini ikiunguruma. Vuta mfuko wa saruji, fundi, ongeza mchanga, uvute ufike mbali. Akauvuta.

"Mimi nilileta mifuko kamili," mkandarasi aliendelea taratibu. "Hati ninazo, na mwalimu mkuu alizisaini. Kama saruji haimo ukutani, basi kuna mtu aliibeba. Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"

"Mimi, bosi."

"Haya."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Tusifike huko, jamani. Sote tunamtakia mtoto mema. Atapewa mradi mwingine, uko tayari."

Mradi wenyewe ulikuwa volkano ya mwaka jana. Jina la mwenyewe lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe.

"Na ufa?" fundi akauliza.

"Utauziba Jumamosi," mkandarasi alisema, akisimama. "Ukuta ni kazi ya mkono wako, au siyo?"

Jumamosi asubuhi alikuta darasani robo mfuko wa saruji na lundo la mchanga lililomfika magotini. Alisimama akilitazama. Hasira aliyokuwa nayo ilitosha kuuangusha ukuta ule kwa mikono mitupu, na ungeanguka bila ubishi. Lakini alikuwa na mke, mtoto, na ule ufunguo wa stoo uliomning'inia shingoni hata baada ya kuurudisha. Akachanganya. Akaanza juu ya dirisha, akashuka na mwiko, akifunika tarehe baada ya tarehe, mwandiko aliomfundisha binti yake mwenyewe kwa kumshika mkono. Ya sita aliifunika bila kuisoma. Kisha akapaka rangi.

Siku ya maonyesho, mgeni rasmi alisimama kwa muda mrefu mbele ya volkano. Kwanini akamimina siki, povu likapanda na kumwagika mezani.

"Umeibuni mwenyewe?"

Kwanini alimtazama baba yake aliyesimama mlangoni na wazazi wengine. Baba akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akapewa Cheti cha Ubunifu. Mwalimu wa sayansi alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu mwalimu mkuu aliagiza cheti kitundikwe darasani kwa mshindi, pale pale kwenye ukuta uliorembwa upya, na fundi akaitwa aje na nyundo. Wanafunzi hamsini na wawili wakasimama kumwamkia. Aliupima ukuta kwa macho, akakiweka cheti ukutani juu ya dawati la binti yake, akakiwekea ncha ya msumari, akainua nyundo.

Hakuihitaji. Msumari ulizama kwa kusukumwa na kidole gumba, mpaka kwenye kichwa chake, bila sauti.

Kwanini alikiona kidole. Akamtazama baba yake usoni, na fundi akasubiri lile neno lake. Halikuja.

"Haya, kaeni," mwalimu mkuu alisema. "Kila mtu kwenye nafasi yake."

Binti akaketi chini ya cheti chake. Mchanga ulichuruzika kutoka kwenye tundu, mwembamba, mkavu, ukamwangukia kwenye daftari. Akaupuliza, akafungua ukurasa wa somo.