Mstari Aliousahihisha Patrobas

Mzee Idarusi alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuwahi kuuchoka. Kila Patrobas alipopita mlangoni pake pale Makadara, tangu akiwa mwanafunzi wa kaptura mpaka alipoota ndevu, mzee alisimamisha cherehani, akamkazia macho na kumwambia, "Wewe Patrobas, siku yangu ikifika usije ukaniletea maua. Njoo unitie udongo kwa mkono wako."

Naye Patrobas alijibu yaleyale siku zote: "Mzee, wewe ndiye utakayetuzika sisi." Wakacheka, na kijana akapewa kahawa na kaimati mbili tatu.

Ulikuwa mzaha, lakini wote wawili walijua kwamba ni ahadi. Baba yake Patrobas alifariki mtoto akiwa mdogo, akazikwa kwao Bungoma, huko magharibi, na tangu hapo aliyemshonea sare za shule, aliyemgombeza akichelewa kurudi nyumbani, aliyemwombea dua siku ya mtihani, ni huyo fundi Mswahili wa mlango wa jirani. Kumtia udongo mzee Idarusi ndicho kitu kimoja alichoombwa na mtu ambaye hakuwahi kumwomba kitu.

Salme, binti wa mzee, alisoma na Patrobas, na baadaye wakafanya kazi pamoja katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta, juu ya karakana ya masufuria kule Kariobangi. Huko chini nyundo hazikunyamaza. Ukitaka kusema jambo la maana ilibidi uinuke uende kwenye meza ya mwenzako, na labda hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana Patrobas alikuwa mvivu wa kuinuka.

Chama cha maziko cha mtaa wao kiliwaomba programu. Ni chama cha zamani, Mkristo na Mwislamu humo, Mluhya, Mkamba na Mswahili, na kwa miaka mingi wamezikana bila kuulizana dini. Zamani katibu alibisha mlango kwa mlango. Sasa walitaka aliyefiwa aandike kwenye simu tarehe ya kifo na tarehe ya maziko, basi, na ujumbe uwafikie wanachama wote papo hapo. Patrobas akaiandika kwa Java, lugha mojawapo ya kompyuta. Kanuni aliyoiweka ilikuwa fupi: tarehe ya maziko lazima ije baada ya tarehe ya kifo.

Sasa, kwa asiyeijua kazi hii. Programu hujaribiwa kabla haijaachiwa watu. Unaandika jaribio moja tu, halafu juu yake unabandika alama mbili, @ParameterizedTest na @CsvSource. Ndani ya hiyo ya pili unapanga mistari ya mifano, na jaribio lilelile hurudiwa kwa kila mstari. Mstari ukipita unaona kijani, ukikataa, nyekundu. Ni kama fundi anayevalisha shati lilelile watu wa maumbo tofauti aone linabana wapi. Uzuri wake wote uko kwenye mifano. Ukipanga watu wa umbo moja, shati litawakaa wote, na utajisifu bure.

Patrobas alipanga mifano ya kwao. Mtu anafariki, anakaa mochari, watu wanachanga, basi linakodiwa, safari ya magharibi, maziko Jumamosi ya wiki ya pili. Mistari yake yote ilikwenda hivyo. Salme akaongeza mmoja tu, na mwishoni neno true, yaani tarehe hizi zikubaliwe:

"2023-05-02, 2023-05-02, true"

Kisha akachukua mkeka wake, akaenda nyuma ya kabati kuswali Adhuhuri.

Viongozi wa chama walikuwa wanakuja mchana uleule kuonyeshwa kazi. Patrobas akaendesha jaribio. Kijani, kijani, kijani, halafu nyekundu. Akautazama ule mstari wenye tarehe moja mara mbili. Akasema moyoni, Salme amekopi tarehe akasahau kuibadilisha. Akafuta ya pili, akaandika ya wiki mbili mbele. Kijani tupu.

Usiniambie hakujua. Mtu aliyelelewa Makadara, aliyeona majeneza yakitoka msikitini kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni, atakosaje kujua kwamba Waislamu hawalazi maiti? Alijua sana. Lakini siku ile alikuwa anatazama rangi, hakuwa anatazama watu. Kanuni ilikuwa yake, mfano ulikuwa wa mwenzake, na kati ya hivyo viwili akaona rahisi kumkosoa mwenzake. Naye mwenzake alikuwa nyuma ya kabati, hatua chache tu, anatoa salamu za kumaliza swala.

Salme alirudi akikunja mkeka. "Imepita?"

"Zote green, manze."

"Hata yangu?"

"Hata yako."

Akafurahi. Mchana ule viongozi nao wakafurahi, wakanywa soda, wakapiga picha.

Kuna jambo jingine ambalo Patrobas alilifanya kwa wema, na linaniudhi hata kulisimulia. Hakutaka programu imfokee mfiwa kwa maandishi mekundu. Kwa hiyo ikipata tarehe za kutia shaka haikumwambia kwamba kuna kasoro. Iliandika, "Tumepokea. Poleni sana," kisha ikaiweka taarifa pembeni hadi katibu aikague.

Mzee Idarusi, aliyeugua ghafla usiku, aliaga dunia hospitalini alfajiri moja ya katikati ya wiki, mwaka uliofuata. Jamil, kaka yake Salme, akaandika kwenye programu akiwa bado wodini: kifo leo, maziko leo baada ya Adhuhuri. Ikajibu, "Tumepokea. Poleni sana." Mwili ukapelekwa moja kwa moja msikitini, ukaoshwa, ukavishwa sanda, ukaswaliwa, ukazikwa katika makaburi ya Kariokor. Msikiti ulijaa, maana watu wa msikitini walitangaziwa na msikiti. Majirani wa chama, wale wa kupeana chumvi miaka arobaini, walikuwa viwandani na sokoni, simu zao kimya mifukoni.

Patrobas alikuwa ofisini. Alimwona Salme hayupo, akamtumia ujumbe, "Niaje, uko poa?" Hakujibiwa. Akaenda kula chapati na maharagwe. Saa ile mzee anateremshwa kaburini, yeye alikuwa anamwambia mwenye kibanda aongeze supu. Hilo amelirudia kichwani hata limemchosha.

Jioni alipigiwa na katibu wa chama, mama Lorine, mwuza nguo za mitumba. "Patrobas, nimefunga stall sai ndio naangalia simu. Hii app yenu imeniwekea kitu pembeni. Ni ukweli mzee Idarusi ametuacha?"

Alifika Makadara akihema. Jamil alikuwa mlangoni, bado ana vumbi kwenye viatu.

"Tumeshamzika, bro," alisema. "Watu walikuwa wengi. Lakini wa hapa mtaani hatukuwaona. Mama anauliza tuliwakosea nini."

Patrobas alielewa palepale. Mstari ule ulimjia machoni, zile tarehe mbili zinazofanana. Alisema poleni, akavua viatu, akaketi mkekani na wanaume wengine. Majirani walipopata habari walimiminika kwa aibu, wakaomba radhi, na watu wakakubaliana kwamba ni mtandao tu, mambo ya mtandao hayo. Alikuwapo, akasikia, akanyamaza.

Salme aliporudi kazini, Patrobas aliinuka, jambo alilopaswa kulifanya zamani, akaenda hadi mezani kwake.

"Salme, haikuwa network. Ni mimi." Akamweleza yote: nyekundu, tarehe, kijani.

Salme alimsikiliza mpaka mwisho. Nyundo za chini zilikuwa zinagonga. "Ulidhani nimekosea," alisema.

"Ndio."

"Nilikuwa hapo nyuma ya kabati, Patrobas. Ungeningoja nimalize kuswali, uniulize."

"Najua."

"Hujui." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Usiku ule baba alikuwa bado anasema. Aliniambia, Patrobas aambiwe mapema, asije akachelewa. Alipokata roho nikashika simu nikupigie. Halafu nikasema, ya nini nimwamshe kwa kilio, ujumbe wa chama utamfikia. Niliuamini, unajua kwa nini? Ule mstari niliuandika mimi. Na uliniambia umepita."



"Sisi wanawake hatuendi makaburini," Salme akaendelea. "Jamil nilijua atalia tu, hataona kitu. Nilikutegemea wewe uje uniambie kulikuwaje. Kaburi lilikuwa pana? Udongo ulikuwa mkavu? Nani alishuka kumpokea? Nilikaa dirishani siku nzima nikikungoja uje unisimulie."

Alisogeza kiti. Patrobas akaketi kando yake, wakaifungua kazi. Kwanza akairekebisha kanuni: maziko yasitangulie kifo, basi. Kisha akarudi kwenye mistari ya mifano, akafuta tarehe aliyoizua, akauliza kwa sauti ndogo, "Niandike gani?"

"Andika ya baba."

Akaandika siku ile, koma, siku ileile. Akaendesha jaribio. Mistari ikapita mmoja baada ya mwingine, na wa mzee Idarusi ukapita nayo, upesi kama mingine. Salme aliutazama, akainuka, akaenda kuchukua mkeka wake.

Jumapili Jamil alimpeleka Patrobas Kariokor. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na kusawazishwa, limetiwa maji, na mtu alikuwa amepanda mche wa mrehani kichwani. Patrobas alichuchumaa, akachota kiganja cha udongo, akabaki nao mkononi. Aliombwa autie ndani, na ndani palikuwa pameshafungwa.

"Weka tu juu," Jamil akamwambia.

Akauweka juu, akausawazisha kwa vidole.

"Twende sasa," Jamil alisema. "Salme anangoja umwambie kulikuwaje."

Patrobas alitembea naye hadi barabarani akitafuta la kumwambia Salme kuhusu maziko ambayo hakuyaona.