Mdomo wa Pembeni

…kushoto ni kufungua, hilo nalijua, lakini mtu akiwa amelala chali, kichwa kiko ndani ya kabati la sinki na mikono imepita juu ya paji la uso, kushoto ni wapi, ni kushoto kwangu au kushoto kwa kikombe hiki cha chujio kilichoning'inia hapa juu yangu kikinionyesha kitako, hakitoki, nimekivisha spana yake ya plastiki, nimevuta, imeteleza, nimejigonga kifundo kwenye ubao, na huko sebuleni wifi yangu anasema jambo lenyewe ni dogo tu, watu wakikaa kama familia linaisha, familia, yaani yeye, kaka yake ambaye ndiye mume wangu, na mama yao waliyemkalisha kwenye kochi la dirishani na ile fimbo yake ya miguu minne mbele yake, na mimi nimo pia, nimo miguu, ndivyo alivyosema wifi alipopita jikoni kuchukua glasi, Wifi, umebaki miguu tu kama fundi wa magari, akacheka, nami nikacheka humu ndani, kicheko kikanirudia puani na harufu ya unyevu na sabuni ya vyombo… jambo dogo lenyewe ni kwamba mama mkwe amevunjika nyonga, ametoka hospitali, anahamia hapa kwetu, na lazima awepo mtu wa kushinda naye, na huyo wa kushinda naye itabidi aache kazi, sasa wifi ana duka, duka haliachwi, mume wangu ana cheo, cheo nacho hakiachwi, na mimi nina… kile kikazi chake, anasema wifi, ki, kana kwamba mahakama nzima inaenea kwenye kiganja, haya, kimetoka, kimetoka chenyewe bila kuagana, maji yamenimwagikia kwapani hadi mgongoni, koki si nilifunga, nilifunga, haya ni yale yaliyobaki ndani, taulo iko wapi, taulo iko kule kwenye miguu yangu, basi, na chujio lenyewe, jamani, liliingia jeupe, limetoka rangi ya soksi ya mtoto wa shule siku ya Ijumaa, hivi ndivyo vilivyokuwa vinaelekea tumboni mwetu, liweke kwenye beseni, usiliangalie, chukua jipya, toa nailoni yake kwanza, sugua ndani ya kikombe, paka mafuta ule mpira wa duara, usiupinde, rudisha, kaza kwa mkono, usikaze kwa hasira, kikikazwa kwa hasira kitakuja kupasuka, kitabu cha maelekezo kinasema hivyo, si kwa maneno hayo, na sasa mume wangu anamweleza mama yake kuhusu maji, Kunywa Mama, haya si maji ya bomba haya, huu mtambo nimeufunga kwa mikono yangu hii, mtambo, vikombe vitatu vya plastiki na tanki la ukubwa wa boga ni mtambo, lakini ni kweli aliufunga, nani amekataa, kufunga ndiyo fani yake, na lugha yetu hii nayo, neno lilelile linafunga mlango, linafunga ndoa, linafunga mtambo na linafunga mdomo wa mtu, na kila kufunga kuna watu wa kushangilia, ila kutunza, nani amewahi kualikwa kuja kutazama kutunza, nani amepigwa picha akibadilisha chujio, machujio haya ya mbele nimekuwa nikiyabadilisha mimi kila yakichakaa, na kila nikitoka humu na utando wa buibui kichwani ananiuliza, Vipi, mtambo wangu haujambo?, wake, siku ya kuufunga fundi bomba nilimwita mimi, akaja na begi lake, akarudishwa getini kwa heshima zote, akaambiwa nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ametazama video kwenye simu hadi katikati, hapo katikati akasema nimeshaelewa, akatoboa sinki, akatukana mpira mmoja baada ya mwingine, jua likahama dirisha, akatoka humu kifua mbele, akaita majirani, wakashika glasi kuelekea mwangani kama wanunuzi wa almasi, mmoja akasema ni laini, mwingine akasema ni mepesi, unayasikia kabisa yalivyo mepesi, wifi akasema yanashuka kooni bila hodi, nami nikasema ni matamu, nilikuwa na kiu, na yule jirani wa ng'ambo, mwenye mashine kama hii, akashangaa, kwake mashine inadondosha tone tone, anasubiri nusu siku apate jagi, hapa tanki limejaa kabla birika halijachemka, mume wangu akajipigapiga kifuani, Ni kujua kufunga tu, ndugu yangu… birika, ndiyo, birika, kwa nini nimekumbuka birika, lilikuwa linaota magamba meupe ndani, nikamwonyesha, nikamwambia maji safi hayaachi chokaa, akasema ni birika, limezeeka, nikanunua birika, nalo likaota mvi mapema kuliko mimi, akasema siku hizi mabirika yote ni feki, nikawa nalisugua kwa siki, nikalitunza hilo nalo.

Haya, la pili limekaa, la tatu limekaa, sasa ule utando wenyewe, ule unaochuja hata chumvi, huu sijawahi kuugusa, huu haubadilishwi mara kwa mara, ndio leo zamu yake, uko kwenye bomba hili la kulala hapa juu, kitabu nimekifungua kifuani, kurasa zimelowa, mchoro unaonyesha bomba lina mdomo mmoja upande huu, maji yanaingia, na midomo miwili upande ule, mdomo wa katikati unatoa maji safi yanayokwenda kwenye tanki, mdomo wa pembeni unatoa maji ya kutupwa, uchafu wote uliokataliwa na utando, yanakwenda kwenye bomba la taka, katikati ni safi, pembeni ni ya kutupwa, hata mtoto anaelewa, wifi anasema nesi wa kulipwa hapana, yule aliyekuja juzi na vyeti vyake alikuwa na adabu kweli, lakini mama yetu hawezi kuogeshwa na mgeni, mwili wa mama hauonwi na mgeni, na hapo nikawa nauliza ndani ya kabati, mimi ni nani basi, kwa kuogesha mimi ni ndugu, kwa kuulizwa mimi ni mgeni, si kwamba simtaki mama, mama hana ubaya, ningemwogesha asubuhi kabla ya kutoka na jioni nikirudi, wala nisingesikia kinyaa, mchana angekuwepo yule nesi, lakini hilo linahitaji mtu akuulize kwanza, tuangalie mipira ya maji, wa bluu ndio wa kwenda kwenye tanki, mwingine mweusi, wa kwenda kwenye taka, nafuata wa bluu kwa kidole, kutoka kwenye tanki, unapanda, unapita nyuma ya kikombe, unakunja, unaingia… unaingia pembeni. Hapana. Rudia. Tanki, unapanda, unakunja, pembeni. Na mweusi, kutoka bomba la taka, unapanda, unaingia katikati. Geuza kitabu. Nimekishika vizuri. Katikati ni safi, pembeni ni ya kutupwa, na safi ya kwetu inakwenda… ndiyo maana tanki linajaa kabla birika halijachemka, linajazwa na maji ambayo utando umeyakataa, yanatoka kwa wingi kwa sababu mengi ndiyo yanayokataliwa, na yale ya tone tone, yale ya jirani wa ng'ambo, sisi tumekuwa tukiyamimina kwenye mtaro, panya wa mtaa huu wanakunywa maji ya hospitali na sisi tunainua makapi yetu mwangani na kuyaita laini, mepesi, hayapigi hodi, na wifi kila Jumapili anajaza madumu kwetu anampelekea mama, Ya kaka yangu haya, ya mtambo… nacheka, tumbo linatikisika, kitabu kimeanguka, wifi anauliza huko sinkini kuna nini cha kuchekesha, namwambia hakuna, wifi, panya tu, anapandisha miguu juu ya kochi, nasikia springi.

Sasa mama mkwe amesema kitu, hasemi sana huyu mama tangu hospitali, sauti imepungua, anasema, Na mwenyewe mmemuuliza?, wifi anasema tutamwambia, mama anasema, Sijasema kumwambia, na mume wangu, kwa ile sauti yake ya kufunga kikao, Mama, huyo hana neno, mimi namjua mke wangu, hana neno… hana neno. Kizimbani, nikiwatafsiria watu, nimesema mimi sikumchoma kisu, nimesema mimi nilimchoma na ningemchoma tena, nimeomba talaka kwa sauti yangu na nimeapa kwamba gari halikuwa langu, maana ndivyo kazi inavyotaka, shahidi akisema mimi nawe unasema mimi, huongezi, hupunguzi, hutengenezi, siku moja mzee mmoja alitukana mahakama nami nikaitukana mahakama, hakimu akanitazama, nikamtazama, akaandika, maana yale hayakuwa yangu na mimi sina haki ya kuyalainisha, na hapa nyumbani nimepata mkalimani nisiyemwajiri, hajaapishwa, hajui lugha ninayoisema, na ameanza kutafsiri kabla sijafungua kinywa, hana neno, hana shida, hana tatizo, hivyo ndivyo watu wote watakavyosikia, mimi nasikia tafsiri ya neno kwa neno, mwanamke huyu hana neno hata moja, amelitafuta kwenye mifuko yote hakuna, na aliyemfundisha kulisema ni nani, mimi, tulipohamia nyumba hii nisiyoitaka nilisema sina neno, pacha wetu walipopelekwa shule ya mbali nilisema sina neno, nililisema kama mtu anavyosema ahsante, nikadhani ni adabu, kumbe ni ushahidi, unarekodiwa… na wifi amefurahi, anasema basi imekwisha, Jumatatu aende tu akawaambie, kwani wataacha kuhukumu watu kwa sababu yeye hayupo?, hata huyo mume wangu amecheka.

Kidole changu kiko kwenye mpira wa bluu, kimekwenda huko chenyewe, kinajua kazi, unabonyeza ile pete inayoubana kwa ukucha, unavuta, unatoka, unabonyeza ule mwingine, unavuta, unabadilisha, kazi ya pumzi mbili, nani atajua, mtambo utabaki wake, tanki litaanza kujaa pole pole na yeye atasema machujio ya siku hizi ni feki, birika litaacha kuota mvi na yeye atasema unaona, nilikwambia ni birika, na wifi ataendelea kujaza madumu, sasa ya kwake, na mama atakunywa maji safi kweli na wote watakuwa wamepata walichodhani walikuwa nacho tangu mwanzo, na mimi nitatoka humu na buibui kichwani, niulizwe kama mtambo haujambo, niseme haujambo… pete imeshabonyea, naisikia chini ya ukucha, na nafanya nini, mimi nafanya nini, natafsiri, namlainishia hakimu maneno ya mzee, nachukua alichokifanya mwenzangu nakitoa upande wa pili kikiwa kizuri, naongeza, napunguza, natengeneza, mahakamani ningefukuzwa kazi kwa hili, hapa ndiyo kazi yenyewe, ndiyo hii wanayotaka niifanye kutwa nzima badala ya ile nyingine… achia. Nimeachia. Pete imerudi juu, tik. Mpira uko pembeni vilevile, wa mume wangu, kwa mikono yake ile, atakuja alale hapa chali mwenyewe, kitabu kifuani, aufuate kwa kidole kutoka tanki hadi mwisho, na dada yake amshikie tochi, sitaliongeza hilo wala sitalipunguza.

Kuna mtu anaburuta kitu, ni fimbo, miguu minne inagonga sakafu, wifi anasema Mama kaa, daktari alisema nini, fimbo inagonga tena, haifiki mbali, hawezi kufika jikoni, amesimama pale pale katikati ya sebule nadhani, anapumua, halafu anapaza ile sauti yake iliyopungua, haielekezi kwa mwanawe, anaielekeza huku, Mama Pacha, mwanangu, nakuuliza wewe, unasemaje?, na lile jibu limeshafika, liko nyuma ya meno, tamu, jepesi, halipigi hodi, sina neno, Mama, lingetoka hata nikiwa usingizini, maji yananidondokea shingoni kutoka kikombe cha kwanza, sikukikaza vizuri, miguu yangu iko kule nje kwenye mwanga, nauona ukucha wa kidole gumba, na mama anasubiri amesimama kwa nyonga iliyovunjika, mtu pekee kwenye nyumba hii aliyesimama, nafungua kinywa, sauti inajaa kabati lote, inagonga tanki, inanirudia nzito kuliko nilivyoitoa, Mama, nitakuogesha asubuhi na jioni, kazi siachi.

Tone linadondoka, wifi anauliza, Kasema nini?, mume wangu anasema, Hajasema kitu, ni mabomba hayo, yana hewa, anacheka kidogo, peke yake, na fimbo inagonga sakafu mara moja, na mama mkwe anasema, Mimi nimemsikia.