Msichana wa Kwanza

Warigia alikuwa ametoka na zawadi yake Eldoret, na haikuwa ndani ya mkoba. Ilikuwa jina. Aliitoa mara tu alipoketi katika kile kijumba cha mamake, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Bweyale, Uganda, kabla hata ya kupewa chai.

"Mama, huyu anaitwa Ciru. Jina lako. Ni wewe huyu."

Mamake alikuwa amempakata mtoto, anamnusa shingoni, anacheka peke yake. Kicheko kikakatika.

"Ciru? Si huyu ndiye wako wa kwanza?"

"Ndiye."

"Msichana wa kwanza." Akamtazama mtoto, kisha akamtazama binti yake. "Na mama ya bwana yako akapewa nini?"

Hapo ndipo Warigia alipojua amejikwaa. Kwao Wakikuyu msichana wa kwanza ni wa mama mkwe. Huitwa jina la nyanyake wa upande wa baba, mtu apende asipende, na jina la upande wa mke husubiri msichana wa pili. Anayeanza na upande wa mke ni mtoto asiye na baba wa kusimama naye. Warigia hakuwa amesahau. Alijiambia tu kwamba mama atafurahi mpaka hayo yasahaulike.

"Uliniambia kwa simu umeolewa. Kwani hakuna bwana?"

"Wilson yuko, mama."

"Basi mamake ako na jina. Anaitwa nani?"

Warigia akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Tangu aolewe alikuwa amempa mamake jina moja tu la mumewe. Wilson, fundi wa umeme, kijana wa kanisa. Wilson anaweza kuwa mtu wa kokote. Lile jina lingine, Kipkirui, ambalo lingetaja kabila lake mara moja, alilimeza kila mara.

"Anaitwa Jepkemboi."

Mamake akamrudisha mtoto. Hakumsukuma. Alimweka mapajani mwa Warigia polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Wa wapi?"

"Kapseret. Karibu na uwanja wa ndege."

"Watu wa huko walipotufukuza baada ya kura, sisi tulitoka Eldoret na nguo tulizovaa tu. Duka la babako nililiacha likitoa moshi. Wewe ulikuwa Nakuru kwa shangazi yako, hukuona. Mimi niliona."

"Mama, huo mwaka Kipkirui alikuwa darasa la tatu."

"Sijasema ni yeye."

"Lakini umemshusha mtoto kama ni yeye."

Mamake akatoka kwenda kuangalia maharagwe, akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko maharagwe yanavyohitaji. Wakaketi kula. Mtoto alipolia, mamake alinyoosha mkono, kisha akaurudisha akashika kikombe.

Warigia alilala akimkumbatia binti yake. Duka la dawa za mifugo analofanyia kazi lilikuwa limempa ruhusa ya wikendi hiyo tu, na kesho lazima apande basi. Alikuja kumtafutia mtoto nyanya, na sasa aliona atarudi akiwa amempotezea hata huyu aliyekuwa naye kwa simu tu. Angeondoka hivi, ile mipigo michache ya simu nayo ingekauka.

Asubuhi aliamka kitanda kikiwa kitupu upande wa mtoto. Akatoka mbio, akamkuta mamake nje juani, anamwogesha mtoto kwenye beseni.

"Kwani huyo mama mkwe wako alimkataa mjukuu, ndio jina likaja kwangu?" mamake akauliza bila kugeuka.

"Hakumkataa mtoto. Ni jina. Nilitaka kumpa lake, akaruka. Wao huita mtoto jina la waliokwisha kwenda. Akasema ukimwita jina la mtu aliye hai, ni kama unamharakisha aende. Ndio nikaweka lako."

"Ili niharakishwe mimi?"

Warigia akacheka, kisha akaogopa. Mamake hakucheka, ila mdomo wake ulilegea kidogo.

"Sikia. Hili jina sichukui. Sijasema simtaki mtoto. Nimesema si zamu yangu. Watu wakisikia wa kwanza ni Ciru, watasema msichana wangu alizalia nyumbani. Wewe uko na bwana. Huyu ako na nyanya. Mpe jina la nyanyake."

"Hata hilo, mama?"

Mamake alikamua kitambaa mpaka kikaisha maji, akaendelea kukikamua.

"Hata hilo."

"Lakini alikataa."

"Alikukatalia wewe kwa kuwa ni mtoto kwake. Mimi hajanikatalia."

Basi lilikuwa tayari linanguruma barabarani walipofika. Warigia akampigia mama mkwe wake, akaweka sauti ya juu na kusema mamake yuko hapo. Kwanza ng'ombe walisikika, kisha Jepkemboi mwenyewe.

"Halo! Mama Warigia! Umeshika mtoto?"

"Nimemshika. Nimesikia umekataa jina."

"Aai, mama! Mimi sijakufa!"

"Mimi watoto wawili wa dada zangu wanaitwa jina langu, na bado ninalima."

"Na huyo alizaliwa saa sita mchana! Jepkemboi ni jina la mtoto wa usiku. Watu wa huku watanicheka!"

"Wacheke. Kwetu jina haliangalii saa."

Kicheko kikubwa kikatoka kwenye simu. Mamake Warigia hakukijibu. Alimpa Warigia mtoto, akaichukua simu kwa mikono miwili, akageukia ukuta wa kibanda kilichokuwa kando ya barabara. Sauti yake ilishuka.

"Na hapo Kapseret... siku hizi usiku mnalala?"

Kwenye simu ng'ombe wakasikika tena.

"Tunalala, mama," Jepkemboi akasema, naye kwa sauti ya chini. "Ikikaribia kura, hata mimi huwa sipati usingizi. Lakini tunalala."

Mamake akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba mwenzake anamwona. Akapangusa uso kwa ncha ya leso.

"Haya. Turudi kwa hilo jina."

"Mama, nimekwambia siwezi..."

"Ngoja kwanza nikuelezee."

Utingo akagonga ubavu wa basi. "Mama mtoto, panda, tunaenda!" Warigia akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, mtoto kifuani, akanyoosha mkono aipate simu yake. Mamake akainua kidole kwamba angoje, akaendelea kuongea.